Kuluthumu Hakuliharibu Daraja

Juzi nilikwenda msibani Mlola, nikarudi nimefura. Tumekaa jamvini tunachambua mchele, kijisichana kimoja, sijui cha nani, kikasema: "Si yule Kuluthumu aliyeharibu daraja?" Kikasema hivyo hivyo, bila haya, mbele yangu mimi Hamida, wifi yake! Nikauweka ungo chini. Nikakiambia, wewe, hata mama yako alikuwa hajaota meno, habari za daraja kakupa nani? Watu wakanishika mikono: "Bi Hamida, jamani, msibani hapa." Haya, msibani nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Kuluthumu alizaliwa hapohapo Mlola, akaolewa kwetu Kwemzinga na kaka yangu Saidi. Alipoletwa alikuwa mwembamba, mkimya, lakini ana mikono mikubwa kama ya mwanamume. Siku ile ile ya kwanza nikamtania: "Wifi, mikono hii umeazima kwa nani?" Akanijibu bila kuinua macho: "Kwa baba. Kasema nikichoka nayo nimrudishie." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu hapo tukawa tunakula chungu kimoja.

Na mikono ile ilikuwa na kazi yake. Zamani nyumba zetu zilikuwa za miti na udongo, na ukungu wa milima hii hauna huruma, kila mwaka ukuta unabanduka. Kuluthumu alikuwa anajua kukandika, acha mchezo. Alikuwa anaitwa mpaka vijiji vya ng'ambo. Anakwangua kwanza udongo wa zamani uliolegea, halafu anachovya majani ya mgomba ndani ya maji na kuurashia ukuta mpaka ulowe, ndipo anapaka udongo mpya kwa kiganja. "Ukuta mkavu haushiki," alikuwa anatuambia. "Unanyonya maji ya udongo mpya, kesho umepasuka." Wanawake wote wa Kwemzinga tulikandika hivyo, na nyumba zetu zilisimama.

Alikuwa na kitu kingine tena, na hicho ndicho kilichomponza. Alikuwa na shamba bondeni, ng'ambo ya mto, ardhi nyeusi yenye mfereji wa maji ubavuni. Mama yangu alimpa alipozaa mtoto wa kwanza. Bondeni kwetu desturi ilikuwa hivi: shamba ni lako maadamu jembe la nyumba yako linaingia humo kila masika. Masika ikipita ardhi haijaguswa, shamba linarudi kwa zumbe, naye anampa amtakaye. Zumbe ndiye aliyekuwa mtawala wetu pale kijijini, chini ya Waingereza wa boma la Lushoto. Na zumbe wetu alikuwa amekwisha kulitolea macho shamba lile. Alikuwa ameoa mke mdogo, mtoto wa mjini, anataka kumlimia kabichi za kuwauzia Wazungu wa Tanga. Alimwendea Kuluthumu kwa maneno matamu, amwachie shamba, atampa jingine huko juu. Kuluthumu akapiga goti, akamwamkia shikamoo, akamwambia: "Zumbe, shamba hili kanipa mama mkwe. Siwezi." Zumbe akacheka tu, akaondoka zake. Mimi kile kicheko sikukipenda.

Sasa njoo kwenye daraja. Lilikuwa la chuma, la tangu enzi ya Mjerumani, na ndiyo njia pekee ya lori kufika kwenye mashamba ya bonde. Miaka yote hiyo ukungu ulikuwa unalilamba asubuhi na jioni, limeota kutu hadi ukipita linakuchafua kanga. Ilikuwa miaka ile ya matuta, kabla ya uhuru, Waingereza wanatulazimisha kuchimba matuta milimani na watu wamechoka roho. Basi katikati ya mambo hayo, watu wa barabara wakaleta mapipa ya rangi na fundi mmoja kutoka Tanga, anaitwa Leonard. Zumbe akaitisha msaragambo: kila nyumba itoe mtu akapake daraja, kazi ya kijiji, bila ujira. Wanaume wengi walikuwa kwenye matuta au kwenye mkonge. Saidi wetu alikuwa Magoma anakata mkonge, kipande chake, ile kadi ya siku za kazi, hakijaisha, na aliyetoroka kabla ya kipande kwisha alikuwa anafungwa. Basi tukatoka sisi wanawake.

Leonard alitueleza kazi, na hapo simnyimi haki yake, alieleza vizuri. Alisema chuma kinaliwa na maji na hewa, na rangi ndiyo nguo yake. Kuna rangi nyekundu, nzito, ina madini ya risasi yaliyosagwa yakachanganywa na mafuta. Hiyo inakaa juu ya chuma kitupu. Juu yake inakuja ya kijivu ya kuzuia mvua. Akasema huko bandarini Tanga amepaka matishari yanayoshinda ndani ya maji ya chumvi, na mpaka leo yapo. Akatugawia vyuma vya kukwangulia na brashi za waya. Tukakwangua kutu, tukakohoa vumbi lake, watoto wetu wamelala kando ya barabara kwenye kanga. Tulikwangua kwelikweli, chuma kikatoka cheupe.

Siku ya kupaka ilipofika, Leonard yuko wapi? Ah! Zumbe alikuwa amemchinjia mbuzi. Alifika darajani asubuhi, akafungua pipa, akakoroga, akatuambia, "Haya akina mama, anzeni, nakuja," akaondoka na tarishi wa zumbe. Hakurudi mpaka jua limegeuka, ameshiba, anachokonoa meno.

Na sisi, tumeachiwa pipa la rangi, tulifanya tunachokijua. Kuluthumu alishika majani ya mgomba, akayachovya mtoni, akaanza kukilowesha chuma. Nani wa kumkataza? Mimi mwenyewe nilikwenda kuongeza maji! Mkandikaji wetu mkubwa anarasha, sisi nyuma yake tunapaka, na rangi ikakaa, nyekundu ya kupendeza, tukapiga vigelegele. Leonard aliporudi alitazama akasema, "Mmefanya vizuri sana." Alisema kwa kinywa chake. Chuma kilikuwa kimekwisha kufunikwa, hakuona tone la maji, wala hakuuliza.

Haikupita muda rangi ikaanza kuota malengelenge. Ukitumbua lengelenge, maji yanatoka na kutu iko ndani inacheka. Kisha ikaanza kubabuka, vipande vikubwa, vinadondoka mtoni. Watoto wanaviokota wanachezea.

Hapo ndipo Leonard akauliza tulipakaje, na mtu mmoja, simtaji, akasema Kuluthumu alirasha maji. Leonard alishika kichwa. Na mimi namwelewa, maana kazi ile ilikuwa shingoni mwake, Mzungu wa barabara akija atamwuliza yeye. Lakini mtu mzima mwenye haya angesema: jamani, sikuwapo, nimekosea. Yeye je? Alikwenda moja kwa moja kwa zumbe. Wakala njama wawili hao, na zumbe akaitisha baraza.

Siku ya baraza tulikaa chini kwenye nyasi, wao kwenye viti. Leonard akasimama akasema: "Niliwaambia chuma kiwe kikavu. Niliwaambia wazi."

"Mwongo!" Nilisimama. "Mwongo mkubwa wewe! Ulisema lini? Ulikuwa unakula mbuzi!"

Tarishi akanishika mkono kunitoa. Nikatolewa kweli, lakini nilisimama nyuma ya ua wa minyaa, nikachungulia na kusikia kila neno.

Zumbe akamwuliza Kuluthumu: "Ulimwaga maji?"

"Nilimwaga, zumbe," akasema. "Ukuta ndio ninaoujua, na ukuta hauwekwi udongo mpaka ulowe. Kama chuma hakitaki maji, mimi sikuambiwa. Fundi alikuwa nyumbani kwako. Wewe pia ulikuwepo."

Wanawake wenzetu walitazama chini, wanang'oa nyasi. Siwalaumu sana, kila mmoja ana shamba bondeni. Lakini hata mmoja jamani! Hata mmoja wa kusema, ndiyo, tulipaka wote!

Zumbe akatoa hukumu yake. Kuluthumu amelidhalilisha baraza na ameharibu mali ya serikali. Atakwangua rangi yote peke yake, na hataruhusiwa kwenda kwenye kazi nyingine yoyote mpaka daraja lipakwe upya na fundi alipokee. Leonard aliposikia "peke yake" alimtazama zumbe, akanyanyuka nusu kitini, akakaa tena. Nami nyuma ya ua nikatazama juu: mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kuanza kukaa mlimani. Nikaelewa. Kwani walitafuta daraja? Walitafuta shamba!

Usiku ule? Hapana, sikungoja usiku. Mchana ule ule nilichukua jembe langu nikashuka bondeni, nikaanza kulima shamba la wifi yangu. Nimefika tuta la pili, tarishi huyo. "Bi Hamida, jembe lako ni la nyumba nyingine. Wewe umeolewa kwingine. Hili halihesabiki." Nikamwambia nitakupasua nalo kichwa tuone kama litahesabika. Akaita wenzake, wakaninyang'anya jembe, wakalipeleka kwa zumbe. Mpaka leo sijarudishiwa.

Kuluthumu akakwangua. Mtoto mgongoni, kamba ya kiunoni imefungwa kwenye nguzo, ananing'inia juu ya mto na kile chuma cha kukwangulia. Vipande vyekundu vimemjaa kwenye nywele, kwenye nyusi, ndani ya kucha. Nikimpelekea ugali, namlisha kwa mkono wangu kwa sababu mikono yake mikubwa ile ilikuwa imevimba haikunji. Alikuwa na haraka. "Nikimaliza kabla mvua haijashika, wifi, nitawahi kupanda maharage," alikuwa ananiambia. "Hata nusu shamba. Hata mistari miwili ya jembe langu, hawana la kusema." Mvua ya kwanza ilipoanguka, kutoka pale juu alikuwa anaona wenzake ng'ambo wanapanda, na shamba lake katikati yao limekaa na majani.

Na alimaliza! Wallahi alimaliza! Daraja lile alilikwangua peke yake mpaka kila pembe, mpaka chini ya vyuma ambako fundi mwenyewe hajawahi kufika. Akamwita Leonard aje atazame. Leonard akazunguka, akapapasa, akakosa pa kushika.

"Basi nipe rangi nipake," Kuluthumu akamwambia, "niende shambani."

Leonard akatazama juu. "Mvua hii, mama? Huwezi kupaka chuma kilicholowa. Lazima tungoje kikauke."

Mnasikia? Mnasikia maneno hayo? Siku ile maji hayakuwa na neno, leo mvua imekuwa na neno! Kuluthumu akamwuliza taratibu: "Basi niende nikalime mpaka kikauke?" Leonard akainamisha macho, akasema hilo si lake, hilo ni la zumbe. Na zumbe, alipoulizwa, akasema hukumu ni hukumu: mpaka daraja lipakwe.

Wakamkalisha pale. Sikilizeni vizuri, wewe unayesema kaharibu daraja, sikiliza zaidi. Walimkalisha mwanamke kando ya chuma kitupu, hana kazi ya kufanya, mvua inamnyeshea yeye na mtoto wake, shamba lake analiona kwa macho, na tarishi amesimama kumzuia asivuke. Siku moja alinyanyuka akaanza kuvuka. Tarishi akamshika kanga. Akarudi akakaa. Nilimwambia, wifi, mpige! Mimi nitakusaidia! Akasema: "Wakinifunga Lushoto, nani atakaa na watoto?" Nililia kwa hasira, naapa, nililia mbele ya tarishi yule mpumbavu.

Maharage ya wenzake yalipotoa maua, zumbe aliteremka bondeni na wazee wake, akasimama katikati ya majani ya shamba lile, akatangaza kwamba ardhi imeachwa, imerudi kwake. Mke wake mdogo akaletewa miche ya kabichi. Na asubuhi iliyofuata tarishi akaja darajani, akamwambia Kuluthumu: "Haya, nenda nyumbani." Hivyo tu! Daraja halijapakwa hata ncha ya kidole!

Nikamwuliza tarishi, na rangi je? Akasema rangi imekwisha. Imekwishaje, na mapipa niliyaona mwenyewe mawili yamejaa? Nilipata jibu nilipopanda kwenda kukata kuni. Kutoka pale juu kijiji chote unakiona, na nyumba mpya ya mke mdogo wa zumbe, yenye paa la bati, ilikuwa inawaka wekundu. Paa zima! Rangi ya daraja, rangi ya risasi na mafuta aliyotusifia Leonard, iko juu ya bati la bibi harusi! Nilitupa kuni zangu nikapiga kelele peke yangu porini kama mwendawazimu. Leonard naye alikuwa amekwisha kurudi Tanga. Sijui aliwaambia nini wakubwa wake. Labda aliwaambia wanawake wa Kwemzinga wameharibu.

Chuma kitupu na ukungu wa Usambara, sina haja ya kueleza. Ile kutu ya zamani angalau ilikuwa gamba. Hii mpya ilikula kwa njaa. Lilikuwa jekundu tena kabla ya masika ile kwisha, na masika iliyofuata vyuma vya chini vikaanza kutoa mabamba, unabandua kwa mkono. Saidi alirudi kutoka Magoma akakuta mkewe amepewa na zumbe lile shamba la juu mlimani, mawe matupu, mvua inaosha kila unachopanda. Alitaka kwenda kwa zumbe na panga. Kuluthumu ndiye aliyemzuia.

Kabichi za bondeni zikastawi, hilo siwezi kulikana, ardhi ile ingestawisha hata fito za ua. Walipanda, wakavuna, wakapakia lori la Tanga. Wakapanda tena. Mavuno ya mara hiyo yalikuwa makubwa, vichwa vimejifunga kama ngoma, mke mdogo anapita na kanga mpya anajitazama. Na wiki ile ile ya kuvuna akaja Mzungu wa barabara na nyundo mkononi. Akashuka chini ya daraja akagonga chuma. Nyundo ikatoboa, ikatokea upande wa pili! Akapanda juu haraka, uso mweupe zaidi ya ulivyokuwa, akasimamisha magogo kufunga njia. Lori lolote lisipite. Watu wapite mmoja mmoja, bila mzigo mzito.

Lori la Tanga likasimama upande wetu wa kijiji, linapiga honi. Kabichi ng'ambo kule bondeni, rundo kwa rundo. Zumbe akaitisha msaragambo: kila nyumba itoe mtu akabebe kabichi kwa kichwa avushe mtoni. Lo! Siku hiyo Kwemzinga nzima ilikuwa inaumwa tumbo. Mzee Mika alikuwa anaumwa tumbo. Yudith alikuwa anaumwa tumbo na mguu. Wanawake wale wale waliong'oa nyasi kwenye baraza, siku hiyo walijilaza majumbani, wanaguna mpaka barabarani unasikia. Tarishi alizunguka nyumba hadi nyumba akachoka. Mimi aliponifikia nilimwambia nimepoteza jembe langu tangu mwaka juzi, sina nguvu ya kufanya kazi. Lori likageuza likaenda.

Kabichi zilioza pale pale. Jua la mchana na mvua ya jioni, harufu ikapanda mpaka msikitini. Nami nilikuwa na furaha, acha nikuambie ukweli, nilikuwa na furaha kama ya sikukuu. Nilijifunga kanga yangu nzuri, nikapanda mlimani mbio kwa Kuluthumu, pumzi juu juu. Nilimkuta anang'oa mawe kwenye lile shamba lake la mlimani, anayapanga kando ili mvua isimwoshee udongo.

"Wifi!" nikaita tangu mbali. "Wifi, zimeoza! Zote! Mke wake analia, amekaa chini analia! Piga kigelegele, wifi! Mungu hakulala!"

Akainuka, akajifuta jasho kwa mgongo wa mkono. Alinitazama, hana hasira wala furaha, amechoka tu.

"Hamida," akaniita kwa jina, yeye ambaye hakuwahi kuniita ila wifi. "Mimi sikutaka kabichi za mtu zioze. Mimi nilitaka shamba langu."

Akashika jiwe jingine. Nikafungua kanga yangu nzuri, nikaitandika chini nikaweka viatu juu yake, nikaanza kumsaidia kung'oa mawe.